Lebo Arobaini na Moja

Ukimwuliza Bwana Idadi ngazi za ofisini kwetu ni ngapi, atakuuliza kwanza: unapanda au unashuka? Anayepanda hupanda kumi na nne. Anayeshuka hushuka kumi na tatu, kwa sababu ile ya chini kabisa imemeguka ukingo, na kila mtu akitoka huiruka, ila akiingia huikanyaga upande wa ukutani. Mimi nilizipanda na kuzishuka kwa miaka sita bila kujua kwamba nina tabia hiyo. Siku aliyoniambia nilibisha, nikashuka, nikapanda tena huku nahesabu kwa sauti. Kweli tupu. Nilikasirika, maana sipendi mtu aijue miguu yangu kuliko ninavyoijua mwenyewe.

Jina la Idadi tulimpa sisi, na amelipokea bila kinyongo. Ni mtu mfupi, shati lake lina mfuko mmoja, na ndani ya mfuko kuna daftari dogo lililofungwa pamoja na penseli kwa mpira. Meneja wetu ana ugonjwa wa kusema "kimsingi". Sisi wengine tukitoka mkutanoni tunauliza kilichoamuliwa, Bwana Idadi anafungua daftari na kusema, "Leo thelathini na moja. Wiki iliyopita ishirini na sita." Hacheki anaposema hivyo. Anashangaa kabisa, anataka kujua wiki hii kumetokea nini.

Kabla ya kuletwa juu alikuwa msoma mita. Miaka kumi na minane alitembea mlango hadi mlango, akifunua vifuniko vya chuma, akipiga magoti, akiandika tarakimu. Mbwa waliokuwa kwenye njia zake aliwahesabu: mia moja na sita, wanaouma kumi na mmoja, na mmoja aliyejifanya anauma. Namba za mita alizishika kichwani kama wengine wanavyoshika majina ya wajomba zao. Kisha goti likagoma. Mamlaka ya Maji ikamhamishia ghorofa ya pili, katika pembe iliyo nyuma ya printa, ikampa kompyuta kuukuu na wala haikumwambia aifanyie nini. Mtu mwingine angelala. Yeye alianza kwa kuhesabu mafaili yaliyomo ndani yake, kisha akataka kujua kama kompyuta yenyewe inaweza kuhesabu, akaazima kitabu, akamsumbua binti yake kwa simu, na baada ya mwaka mmoja akawa anaandika programu ndogondogo ambazo hakuna aliyemtuma.

Sasa niseme na mimi ni nani, maana nami nimo humu hadi shingoni. Nilikuwa karani wa masjala kwa miaka ishirini, kule chini kwenye rafu za majalada. Karatasi zilipofutwa, masjala ikageuzwa stoo ya viti vilivyovunjika, nami nikapandishwa juu kwenye chumba cha malalamiko pamoja na wenzangu watano. Kila mmoja wetu ana meza na kikasha chake cha barua pepe. Mteja huandika namba ya mita kwenye kichwa cha barua, ndani anaeleza shida yake, barua inaangukia kwa mmoja wetu. Tuna lebo nne za kuzibandika: Bomba, Mita, Uchafu na Bili. Kazi ni hiyo. Nimefika miaka arobaini na tisa, mama yangu naishi naye na hawezi tena kusimama jikoni, binti yangu wa mwisho bado yuko shule. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja.

Jumatatu moja meneja aliingia akasimama katikati ya chumba, mikono nyuma.

"Kimsingi," alisema, "makao makuu wanataka watu watano humu badala ya sita. Mikataba yenu yote inaisha mwezi huu. Kwa hiyo, kimsingi, atakayeshika mkia kwa kazi ndiye atakayetoka. Kama ana chini ya miaka thelathini na tano, atapelekwa nje kusoma mita. Akiwa ameizidi hiyo, tutamshukuru kwa utumishi wake."

Akageuka kwenye pembe ya printa. "Bwana Idadi, nataka kila mtumiaji, kila lebo, barua ngapi, mwaka mzima. Uniwekee kwenye jedwali. Ijumaa saa nne tulione ukutani."

"Barua zenye lebo tu, bosi?"

"Zenye lebo. Isiyo na lebo haijaguswa."

Nikiri kwamba sikushtuka. Niliwatazama wenzangu mmoja mmoja nikawaonea huruma. Mimi chai nainywa nikiwa nimesimama. Mimi mteja nikishamjibu nampigia simu baada ya siku tatu kumwuliza kama maji yametoka, na kama hayajatoka namsumbua fundi mpaka ananikimbia kwenye korido. Hapo pembeni yangu yuko kijana tuliyempa jina la Bingwa, ambaye hujibu barua zake kwa mistari miwili ile ile, "Tumepokea, tunashughulikia," kisha anachana nywele. Nikasema moyoni, maskini, atakwenda kuumwa na wale mbwa kumi na mmoja.

Jumanne mchana nilipita nyuma ya printa kwenda kujaza chupa ya maji. Programu ya Bwana Idadi ilikuwa imemaliza kazi. Alikuwa amenieleza asubuhi jinsi inavyokwenda: inabisha hodi kwenye kikasha cha kila mmoja wetu, inaorodhesha lebo, inahesabu barua zilizo chini ya kila lebo bila kuzifungua, kisha inamwaga matokeo kwenye lahajedwali. Ndivyo alivyoliita, lahajedwali, kwa sauti ya mtu anayetaja mtaa mzuri aliowahi kukaa. Aliponiona aliweka daftari lake mbele ya kioo cha kompyuta. Daftari lenyewe ukubwa wa kiganja.

"Toa," nikamwambia.

"Dada, Ijumaa siyo mbali."

"Toa, kaka, kabla sijalitoa mwenyewe."

Akalitoa. Bingwa alikuwa juu kabisa: elfu kumi, mia tisa na ishirini. Wengine walifuata kwa elfu tatu, elfu mbili. Nikashuka na macho, nikashuka, mpaka mstari wa mwisho. Bomba kumi na tisa. Mita kumi na moja. Uchafu saba. Bili nne. Jumla arobaini na moja.

Nikashika printa, nayo ikajitolea karatasi tupu.

"Kompyuta yako inaumwa," nilisema.

"Nimeihesabisha mara tatu."

"Mwaka mzima, barua arobaini na moja? Mimi? Mimi ninayekwenda hata chooni mbio?"

"Ndiyo inayonishangaza na mimi."

"Inakushangaza! Mimi unga wangu unamwagika, wewe unashangaa!" Nilishusha sauti, maana Bingwa alikuwa ameacha kuchana nywele. "Sikiliza, kaka yangu. Tunajuana miaka sita. Ongeza."

"Niongeze kutoka wapi, dada?"

"Popote. Kutoka mbinguni."

"Huko sijahesabu," alijibu, na hakuwa anafanya mzaha. "Namba nisiyoihesabu siiandiki. Ningekuwa naandika namba za hivyo nisingepiga magoti miaka kumi na minane, ningekaa chini ya kivuli na kubuni."

Nilimwita majina ambayo siyarudii hapa. Nilimwambia ana moyo wa mita. Nikaenda msalani nikalia, nikanawa uso, nikarudi kujibu barua za watu walio na matope kwenye ndoo. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, maana huzuni ilinifika nyumbani, mama aliponiuliza mbona leo nimepika nusu.

Jumatano asubuhi nilimkuta amekaa kwenye kiti changu cha wageni, daftari likiwa gotini.

"Shikamoo haipo leo," nikamwambia. "Sema unachotaka."

"Nimekosa usingizi kidogo," alisema. "Barua zilizoingia kwako mwaka huu ni elfu tatu, mia tisa na kumi na tatu. Hizo ni nyingi kuliko za mtu yeyote humu. Zenye lebo ni arobaini na moja. Mtu mvivu barua zake zingekuwa hazijafunguliwa. Zako zote zimefunguliwa, na zote zimejibiwa. Lebo hazina. Sasa nataka kujua, hizo elfu tatu, mia nane na sabini na mbili ulizijibu bila kuzibandika lebo?"

"Nilizibandika zote."

"Ziko wapi?"

"Nimezibandua."

Akaacha kuandika. Nimemjua mtu huyu miaka sita na sijawahi kumwona akiacha kuandika katikati ya neno.

"Umezibandua kwa nini?"

Nikamwangalia kama mtu anayeniuliza kwa nini navaa viatu miguuni. "Kwa sababu zilikuwa zimekwisha! Ukimaliza jambo utaacha kadi juu yake ya nini?"

Ikabidi nimweleze, na nilipokuwa namweleza ndipo nami nikaanza kuelewa kilichotokea. Kule masjala kila jalada lililokuwa na kazi tulilichomeka kadi ya rangi: nyekundu ya bomba, bluu ya mita, na kadhalika. Jambo likiisha unachomoa kadi, unairudisha kwenye kopo, jalada linakwenda rafu ya nyuma likiwa tupu. Mkuu wa masjala, mama mmoja mwenye miwani mizito, alikuwa akipita jioni anatazama rafu. Kadi nyingi maana yake karani amelala. Rafu isiyo na kadi alikuwa anaipapasa kwa mkono, anasema, "Hapa pana mtu." Miaka ishirini nilifanya kazi nikisubiri mkono ule. Nilipoletwa juu wakaniambia hizi ni lebo, nikaona, ah, kadi hizo. Nikabandika, nikamaliza, nikabandua. Hakuna aliyewahi kuniuliza na mimi sikumwuliza mtu.

"Kwa hiyo arobaini na moja," alisema Bwana Idadi polepole, "ndiyo madeni yako."

"Ndiyo yaliyobaki. Na kumi nitamaliza leo kama utaniondokea hapa."

Alisimama, akaenda zake akichechemea. Macho yalikuwa yanamng'aa. Baadaye alikuja mara nne: kuniomba ruhusa ya kuingia kwenye kikasha changu zaidi ya kuhesabu lebo, kuuliza kama ninajua ni mara ngapi mteja huandika tena, kuuliza kama Bingwa amewahi kubandua chochote, na mara ya nne alisahau alichokuja kuuliza. Akaomba ruhusa na kwa wenzangu wote. Walimpa wakicheka. Kwao kuhesabiwa na Bwana Idadi ni kama kunyeshewa, hakuna maana ya kubishana.

Alichogundua alinionyesha Alhamisi asubuhi, kabla wengine hawajaingia. Bingwa alikuwa ameiagiza kompyuta yake ibandike lebo tatu kwa pamoja kwenye kila barua inayoingia, hata tangazo la mauzo ya magodoro. Barua zake zilikuwa elfu tatu, mia sita na arobaini; zidisha mara tatu ndipo upate lile lundo. Kisha akawa ametengeneza ukurasa wa pili. Safari hii alihesabu wateja walioandika tena ndani ya mwezi mmoja, mita ile ile, shida ile ile. Kwa Bingwa elfu moja, mia tano na kumi na mbili. Kwangu tisini na sita.

Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka kuruka ngazi zote kumi na tatu. Kumbe alikuwa hajamaliza.

"Dada," alisema, na akajikuna shingo, "mita namba 40718 imekwisha?"

"Kama haina lebo, imekwisha."

"Haina lebo."

"Basi."

"Haijaisha."

Nikaitafuta ile barua, nikaifungua, nikaisoma nikiwa nimegeuza kioo upande wangu. Niliikumbuka mara moja, maana ilikuwa imenichekesha mwezi wa nne. Mwanamke mmoja aliandika kwamba mita yao inavuja getini. "Mume wangu ni mfanyakazi wa hapo hapo kwenu," alisema, "ila nakuomba asijulishwe. Ameliona tone hilo tangu mwaka jana. Akijua nimelalamika atapeleka kiti pale getini, ahesabu vizuri zaidi." Nilikuwa nimemwagizia fundi, nikampigia simu mara tatu, na mara ya tatu akasema, asante mwanangu, imekwisha kabisa. Nikabandua.

Nikamtazama Bwana Idadi. Nikaitazama barua. Nikamtazama tena.

"Mita hiyo ni ya nani?" nikamwuliza, ingawa nilishajua.

"Ya kwangu. Ameandika nini mke wangu?"

"Mteja ameomba siri. Kamwulize mkeo."

"Inadondosha matone kumi na tisa kwa dakika," alisema. "Ishirini na mbili jioni, presha ikipanda."

"Tangu lini?"

"Miezi kumi na minne."

"Na wewe uko hapa hapa, mafundi wanapita mbele ya pua yako. Kwa nini hukumwambia hata mmoja?"

Alifikiri kweli kweli. "Nilikuwa bado nahesabu," alisema.

Hapo nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikaacha ghafla, kwa sababu nilimwona anachukua penseli. Alifuta elfu tatu, mia nane na sabini na mbili. Akaandika sabini na moja.

"Kaka, usinifanyie hivyo," nikamwambia. "Moja! Nani ataitambua? Kesho meneja anatafuta sababu ya kunitoa. Nikisimama pale ukutani na wewe mwenyewe unasema kuna kazi nimeitangaza imekwisha na haijaisha, umenimaliza."

"Nimeihesabu, dada. Naipita kila asubuhi."

"Na mimi je? Mama yangu je?"

Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilimwona anaumia, na bado nilimchukia. "Nikiiacha," alisema hatimaye, "zile nyingine zote nitakuwa nimezibuni mimi. Sasa hivi umeziandika wewe, kwa kazi yako." Akafunga mpira kwenye daftari akarudi nyuma ya printa. Sikusema naye tena siku ile. Jioni nilishuka ngazi, na kwa ukaidi nikaikanyaga ile iliyomeguka, nikateguka kidogo.

Ijumaa saa nne tulikaa. Meneja alizima taa, jedwali likatokea ukutani, akalipanga kutoka kubwa hadi ndogo kwa kubonyeza kitufe kimoja. Bingwa alijipigia makofi, watu wakacheka. Mstari wangu ulikuwa chini peke yake, arobaini na moja, na ukuta pale umechubuka rangi kwa hiyo nne ilionekana kama imepigwa kofi.

"Kimsingi," alisema meneja, "sidhani kama kuna haja ya maneno."

"Kuna ukurasa wa pili, bosi," alisema Bwana Idadi.

"Sikuomba ukurasa wa pili."

"Ndiyo, bosi. Nilitaka kujua tu."

Akaufungua kabla hajakatazwa. Akaeleza lebo tatu za kila barua, na magodoro. Bingwa akainamia simu yake. Akaeleza kadi za masjala na lile kopo, vizuri kuliko nilivyomweleza mimi, akaeleza waliorudi kulalamika na wasiorudi. Meneja alikunja mikono. Alikuwa mtu mzima, si mjinga, na niliona jinsi shaka inavyomwingia kutoka upande usiofaa.

"Ngoja kwanza," alisema. "Wewe na huyu dada mmekaa pamoja miaka mingi. Barua hazina lebo, hazina alama yoyote. Yeye anasema zimekwisha, wewe unasema zimekwisha. Mimi nitajuaje kama hamjatia chumvi?"

Nilimwomba Bwana Idadi kwa macho: sasa nyamaza, sema tu zimekwisha zote, kaa chini.

"Sisemi zimekwisha zote, bosi," alisema. "Zilizokwisha ni elfu tatu, mia nane na sabini na moja. Kuna moja haijaisha. Mita 40718. Yeye alidhani imekwisha, alimpigia mteja simu mara tatu na mteja akamwambia imekwisha. Mteja alimdanganya."

"Umejuaje kama alidanganya?"

"Ni mke wangu. Nilimwuliza jana. Amesema alimwonea huruma huyu dada, kila siku simu, kila siku simu, akaona amwache apumzike. Bomba lenyewe liko getini kwangu. Matone kumi na tisa kwa dakika."

Mtu mmoja akaanza kucheka, kisha chumba kizima. Meneja hakucheka. Aliutazama ukuta kwa muda mrefu, akaitazama ile moja mwishoni mwa namba, akamtazama mtu mfupi aliyesimama kando yake na daftari mkononi.

"Umetafuta kati ya karibu elfu nne," alisema, "ukamletea mwenzako kosa lake moja, mbele yangu, leo."

"Ndiyo, bosi."

"Na kosa lenyewe la nyumbani kwako."

"Ndiyo, bosi."

Meneja akawasha taa. "Basi na hizo nyingine naziamini," alisema. Hakusema kimsingi. Baadaye Bwana Idadi aliniambia ulikuwa uamuzi wake wa kwanza bila neno hilo mwezi ule.

Mkataba wangu uliandikwa upya kabla ya saa nane mchana. Niliusaini kwa haraka hata saini ikafanana na ya mtu mwingine. Bingwa alipewa mfuko wa kusomea mita, na aliyempa ni Bwana Idadi, maana mfuko ulikuwa bado uko chini ya meza yake, pamoja na tochi na orodha ya mbwa. Walikaa saa nzima wakiipitia ile orodha. Meneja naye akatoa amri kwamba kuanzia tarehe moja hakuna kubandua. Kutakuwa na lebo ya tano, Imekwisha, na kila mtu aitumie. Nimeitikia. Bado naiona kama kuvaa koti ndani ya nyumba.

Ile ilikuwa tarehe ishirini na nane. Nilirudi mezani, nikaitafuta barua ya mita 40718, nikaibandika tena lebo ya Bomba. Jumamosi asubuhi nilimchukua fundi mwenyewe kwa mkono, nikampeleka.

Mke wa Bwana Idadi, Mama Pacha, alitupokea getini akiwa ameficha uso kwa upande wa khanga. "Mwanangu, nisamehe," alisema. "Sauti yako kwenye simu ilikuwa imechoka. Nikasema mimi na tone langu, acha nimpunguzie mtoto wa watu kazi."

"Nusura unipunguzie kazi yote, mama," nikamjibu, naye akacheka, nami nikacheka, na ndani yangu hasira ya siku mbili ikaondoka bila kuaga. Karibu na kifuniko cha mita palikuwa na kigoda kidogo, miguu yake imezama ardhini kwa kukaliwa. Sikuuliza ni cha nani.

Fundi alifungua, akabadilisha mpira na koki nzima, akakaza, akapangusa mikono, akasema tayari. Nikatoa simu mfukoni, nikaifungua barua.

"Ngoja," alisema Bwana Idadi.

Akaweka goti zima chini na lile bovu akalinyoosha pembeni, akainamia shimo la mita, akaweka kiganja chini ya koki. Tulisimama tumemzunguka, mkewe, fundi na mimi, na sote tukajikuta tumebana pumzi. Midomo yake ilikuwa ikienda taratibu. Alihesabu hadi sitini, nikadhani atainuka. Akaendelea. Alipofika mia akautazama mkono wake juu na chini, mkavu, akanigeukia.

"Sasa ibandue," alisema.